UZI: Mkono wa spa na mguu wa mchezaji. Wanamichezo wetu tuwakande vipi?

#1 Mkandaji_Kiwengwa

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Kazi yangu masaji, hotelini huku ukanda wa Kiwengwa. Mteja wangu wa kila siku ni mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana, mgongo umemkaza kwa kukaa, anataka saa nzima ya mafuta ya nazi na mlangilangi, asinzie kidogo, aamke ende zake baharini. Hiyo naijua. Sasa timu ya mtaani kwetu imeniomba nikae nao msimu huu, na tizi ya kwanza tu nikaona hii ni kazi nyingine. Wachezaji ishirini na ushei, benchi moja la mbao, magharibi inakaribia, na kila mmoja ana lake. Kipa mgongo, beki kinena, mmoja namuuliza wapi panauma ananijibu "kila pahala".

Kilichonileta hapa ni winga mmoja. Kakanyagwa mazoezini, kifundo kimeshaanza kujaa, kaja anachechemea moja kwa moja kwangu: "Kaka nikande, tena kwa nguvu, Jumamosi nna mechi." Nikamwambia leo sikugusi. Akanuna. Kocha naye akaniuliza, "Sasa we tumekuleta ufanye nini?" Na nasikia nyumbani kwao maji ya chumvi yalishawekwa jikoni kabla hajafika.

Wenye ujuzi nielimisheni. Mkono wa mchezaji unatofautiana wapi na wa mteja wa hoteli? Kabla ya mechi nifanye nini, baada ya mechi nini, na wakati gani nikatae?

#2 Namba11_Mchangani

Mkandaji anakataa kukanda, makubwa haya. Mie nikiteguka nakwenda kwa bibi mmoja Jang'ombe, ananikanda na maji moto mpaka machozi yananitoka, kesho yake nakanyaga. Nyinyi wa spa mkono wenu laini mno kwa mpira.

#3 Fizio_Ngambo

Kaka Mkandaji, kwa huyo winga ulifanya ndivyo. Kiungo kilichoumia leo ndani kuna nyuzi zimechanika na vishipa vya damu vinavuja. Maji moto yanavitanua vishipa, mkono wenye nguvu unazivuruga nyuzi zinazotaka kushikana, na uvimbe unazidi. Siku mbili tatu za mwanzo pale palipoumia hapakandwi, hapatiwi joto, wala mtu hakimbii "kuuzoesha" mguu. Unafunga bendeji ya kuvutika, unaunyanyua mguu juu, unampumzisha.

Lakini kabla ya bendeji, jua kama mfupa uko salama. Kuna kanuni ya Ottawa, imetoka Canada tokea 1992, na haitaki mashine. Bonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma wa ile mifupa miwili inayochomoza kwenye kifundo, wa ndani na wa nje, kuanzia nchani kupanda juu kiasi cha sentimita sita. Bonyeza pia katikati ya ukingo wa nje wa unyayo, na ule mfupa wa juu ya tao kwa upande wa ndani. Kisha mwambie apige hatua nne. Akiruka kwa maumivu ulipobonyeza mfupa, au hatua nne zimemshinda, mpeleke akapigwe picha. Usibishane na kocha, mwambie tu kuwa kwa huyu mkono wako umefika mwisho.

Namba 11, bibi yako simvunjii heshima. Wengi wa bibi zetu hawa wamekanda wazazi arubaini baada ya arubaini, mikono yao inajua mwili kuliko vijana wengi wenye vyeti. Ila mshtuko mdogo hupoa wenyewe, ukikandwa usikandwe, na sifa anachukua aliyekanda. Yule aliyechanika kano akakandwa siku ileile huna habari zake, kwa sababu siku hizi hachezi tena.

Sasa swali kubwa. Mteja wa hoteli hana mechi. Mchezaji anayo, na ratiba ndiyo inayokupangia mkono. Swali lako la kwanza kwa kila anayelala kwenye benchi lisiwe "wapi panauma". Muulize "unacheza lini, na umecheza lini?"

Mechi ikiwa leo, mpe dakika kumi, kumi na tano asizidi, mkono mwepesi wa haraka: viganja vinasugua, msuli unatikiswa, unapigwapigwa. Usimpe ule wa polepole wa hoteli, utamlaza. Usichimbe ndani pia. Akitoka kwako akapashe mwili moto kama kawaida, maana kukandwa hakuchukui nafasi ya kukimbia.

Baada ya mechi anza na macho. Wachezaji huficha maumivu mpaka filimbi ya mwisho, kwa hiyo angalia nani anachechemea, nani anashika paja. Anywe maji kwanza. Kisha mkono mrefu wa pole, kutoka chini kuelekea moyoni, bila kukandamiza. Ule msuli umeshapata michaniko midogo ya kazi, wewe usiongeze yako.

Kazi ya ndani, ya kidole gumba na kiwiko, ya kufungua mafundo, iwe siku mbili tatu kabla ya mechi. Aliyekandwa kwa kina Ijumaa, Jumamosi anaingia uwanjani na miguu mizito.

#4 Namba11_Mchangani

Nimekusoma fizio. Lakini mwenye mechi kila baada ya siku mbili? Januari ya Kombe la Mapinduzi ratiba inabana, hiyo "siku mbili tatu kabla" inatoka wapi?

#5 Fizio_Ngambo

Haitoki. Mashindano yakibana hivyo, kazi ya ndani unaifunga mpaka yaishe. Unabaki na mkono mwepesi tu, pamoja na usingizi na chakula. Mafundo yatasubiri.

#6 Mkandaji_Kiwengwa

Allah akulipe fizio. Nna mawili. La kwanza, beki wetu alipigwa goti la paja, pakawa pagumu na pamevilia damu. Keshapita siku kadhaa, anataka nipavunje huo ugumu. La pili, kule hotelini tulifundishwa kuwa masaji inatoa asidi ya laktiki kwenye misuli. Niwaambie hivyo wachezaji?

#7 Fizio_Ngambo

Hilo la paja ndilo ninalolihofia kuliko kifundo, kwa sababu watu hulidharau. Goti likiingia kwenye paja la mbele, damu hukusanyika ndani ya msuli, karibu na mfupa. Ukiikanda kwa nguvu mapema, au ukaichoma kwa maji moto, mwili unaweza kuanza kujenga mfupa ndani ya msuli. Si hadithi, huonekana kwenye picha baada ya wiki chache. Mtu anabaki na kitu kigumu pajani na goti halikunjiki sawasawa kwa miezi. Siku ya kwanza bora afungwe goti likiwa limekunjwa, ili msuli ukae umenyooka damu isipate nafasi. Baada ya hapo kinachokuongoza ni goti. Mlaze kifudifudi, mkunje taratibu kisigino kielekee kalio, linganisha na mguu usioumia. Kukunja kukizidi siku hadi siku, yuko njiani. Kukipungua, au ugumu unakua, usiguse, apelekwe kwa daktari. Hapo pagumu pa beki wako usipavunje. Kanda juu yake na chini yake, polepole.

Asidi ya laktiki: usiwaambie. Mwili huiondoa wenyewe, saa moja hivi baada ya mchezo imeshakwenda, na wewe bado unatafuta taulo. Maumivu ya kesho na kesho kutwa ni ya ile michaniko midogo. Mwaka 2012 watafiti wa Canada walichukua vinyama vidogo vya misuli kutoka kwa vijana 11 waliochoshwa kwa baiskeli, mguu mmoja umekandwa na mwengine haukukandwa. Kwenye laktiki hapakuwa na tofauti. Kilichopungua kwenye mguu uliokandwa ni dalili za uvimbe wa ndani. Kwa hiyo kazi yako ina maana, ila si kwa sababu waliyokufundisha.

#8 Kocha_Shamba

Nakusanya wachezaji watoke mashambani kwenye karafuu na baharini kwenye dago (kambi ya wavuvi), wengine wamefunga kazi saa tisa, saa kumi na nusu wako kiwanjani. Nyinyi mnazungumza habari za paja kufungwa likiwa limekunjwa! Mie nataka mtu wa kuwatia dawa ya kuchua waingie wacheze. Ile inayowaka.

#9 Fizio_Ngambo

Kocha wangu, ile inayowaka inawaka juu ya ngozi. Msuli uko chini, haujapashwa kitu. Mchezaji anahisi joto, anadhani yuko tayari, anapiga mbio ya kwanza paja linakatika. Kama wanaipenda watie, lakini wakimbie kwanza.

#10 Mpemba_wa_Wawi

Mmeshaingia kwenye mafuta bila kutuita wenyewe? Huku kwetu Wawi kuna kiwanda cha kukamulia mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, kijana wa Chake anayecheza mpira asiyepakwa hayo simjui. Jino likiuma makonyo, goti likiuma makonyo. Na mpira tunaujua: Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa kwetu Gombani, Zanzibar ikaifunga Burkina Faso 2-1 fainali. Semeni basi, makonyo yanafaa au hayafai?

#11 Fizio_Ngambo

Yanafaa kwa adabu yake. Ndani yake sehemu kubwa ni eugenoli, ndiyo inayotia ganzi kwenye jino. Lakini yakiwa matupu yanaunguza ngozi, nimeona mapaja yamebabuka. Matone kama kumi kwenye mililita 100 za mafuta ya nazi yanatosha. Usipake penye mchubuko, wala kinenani, wala usijiguse macho kabla ya kunawa kwa sabuni. Na kumbuka ganzi inaficha maumivu: aliyepakwa akacheza hajui anajiumiza kiasi gani.

#12 Mkandaji_Kiwengwa

Niongeze langu kwenye mafuta, hapa nna ujuzi kidogo. Hotelini namwaga mpaka shuka linalowa. Timuni nimeacha kabisa siku ya mechi. Kipa nilimkanda mabega, mafuta yakamshukia mikononi, akaniambia glavu zinateleza. Na kwenye jua la kaskazi mwili uliojaa mafuta jasho halikauki vizuri, mtu anazidi kuwaka. Sasa nakanda juu ya bukta au juu ya kanga kavu, na poda kidogo kiganjani. Mafuta ni ya siku ya mapumziko.

#13 Bi_Netiboli

Wanaume mmezungumza vya kutosha, sasa na sisi. Nafundisha netiboli wasichana wa skuli. Magoti na vifundo vinatuumiza kuliko nyinyi, maana mchezo wetu ni kuruka na kusimama ghafla. Wakandaji wote wanaokuja viwanjani ni wanaume. Binti ataumwa nyama ya paja msimu mzima asiseme, kwa sababu hataki kulazwa kwenye benchi mbele ya uwanja mzima akashikwa na mwanamme. Mnatushauri nini? Na msiniambie "avumilie".

#14 Mkandaji_Kiwengwa

Dada yangu, una haki. Huku hotelini wakandaji wengi ni wanawake, na wengi wangekuja wakiombwa. Hakuna aliyewaomba, timu zote humtafuta mwanamme.

Hata kwa wanaume jambo hili lipo. Awra ya mwanamme kitovu mpaka goti, na misuli inayomsumbua mcheza mpira karibu yote iko hapo. Wengine wanakuja na bukta fupi, wengine hawataki uinyanyue hata kidogo, na hawatakwambia. Mie siku hizi nauliza kabla ya kila sehemu: hapa nipaguse? Juu ya nguo au chini ya kanga?

#15 Fizio_Ngambo

Bi Netiboli, mkandaji awe mwanamke, chumba kiwe na mlango ila usifungwe, na pawe na mtu mzima mwengine, wewe mwenyewe au mwalimu. Kwa mabinti walio chini ya miaka 18 mzazi aambiwe mwanzo wa msimu kuwa timu ina mkandaji na anafanya nini. Hili ni kwa wavulana pia, tusidhani wao wamesalimika.

Na si kila kitu kinahitaji mkono wa mtu. Kinena na paja la ndani wafundishe wajikande wenyewe. Unyayo na shavu la mguu: chupa ya maji iliyoganda kwenye friza, iwekwe chini, mguu uibingirishe huku na huku. Binti anafanya nyumbani kwao na hakuna wa kumwangalia.

Shavu la mguu lina onyo lake. Likiwa limevimba upande mmoja tu, lina joto, linauma hata akikaa kimya, na hakumbuki kuumia, msilikande. Huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa, na mkono unaweza kuing'oa ikapanda mapafuni. Hospitali siku hiyohiyo. Mkandaji, wewe wateja wako wanatoka safari ndefu za ndege, hili lijue kuliko sisi sote.

#16 Beki_Mstaafu

Mbona hakuna aliyetaja barafu? Enzi zetu ukiumia unafungiwa mfuko wa barafu ya shilingi mia mpaka mguu unakufa ganzi.

#17 Fizio_Ngambo

Hapo wataalamu wenyewe wanavutana, kaka. Aliyeieneza kanuni ya barafu ni Gabe Mirkin, daktari wa Marekani, mwaka 1978, na miaka mingi baadaye mwenyewe akarudi akasema barafu huenda inachelewesha kupona. Mwaka 2020 Dubois na Esculier wa Canada walitoa mwongozo mpya ambao barafu haimo kabisa. Mie bado naitumia kwa kupunguza maumivu, imefungwa kwenye kitambaa, robo saa basi. Hiyo ya mpaka mguu ufe ganzi, hapana.

#18 Beki_Mstaafu

Sikubali. Mie magoti yangu yameokolewa na barafu.

#19 Nahodha_Mkokotoni

Tunaokimbiza resi za ngalawa sisi si wanamichezo? Kushika demani, ile kamba ya tanga, upepo umekaza mpaka vidole havifunguki, na mabaharia wengine wako juu ya mrengu, ule mti wa pembeni wa ngalawa, wanaubana mwili. Siku ya pili mkono kutoka kiwiko kwenda kiganja ni gogo. Mkandaji akija anatukanda mgongo tu!

#20 Mkandaji_Kiwengwa

Nahodha, hii naiweza, nina wavuvi jirani. Kwanza mwagieni maji baridi muondoe chumvi, kwa sababu ukikanda ngozi yenye chembe za chumvi unaichuna. Kisha mtu akae, mkono juu ya meza, kiganja juu. Bana kwa kidole gumba karibu na kiwiko, upande wa ndani, umwambie afungue na kufunga vidole polepole huku wewe umeshikilia. Sogea chini kidogo, rudia, mpaka kifundo cha mkono. Halafu geuza kiganja chini ufanye upande wa pili, wengi wanausahau na ndio unaouma kwenye kiwiko. Malizia na bega. Mgongo baadaye.

#21 Mpemba_wa_Wawi

Na akibanwa misuli dakika ya themanini, kaskazi, yuko chini anapiga kelele? Huku mtu anarukia anampiga ngumi shavu la mguu.

#22 Fizio_Ngambo

Ngumi hapana. Nyoosha goti lake, shika vidole vya mguu uvirudishe taratibu kuelekea ugoko, ushikilie mpaka msuli uachie, hapo ndipo umpapase kidogo. Maji ya dafu ni mazuri lakini yana chumvi kidogo mno kwa mtu aliyetoka jasho vile, mpeni na maji ya chumvi na sukari ya paketi. Aliyebanwa mara mbili mbadilisheni, msuli umechoka na mkandaji hawezi kuupa dakika zaidi.

#23 Kocha_Shamba

Nimefuata uzi wote. Swali la mfukoni sasa. Timu haina fedha. Huyo mkandaji ananifungia magoli?

#24 Fizio_Ngambo

Kocha, nitakwambia ukweli hata kama Mkandaji atanichukia. Mwaka 2020 yalitoka mapitio ya tafiti 29, watu 1,012. Kukandwa hakukuongeza mbio, nguvu wala kuruka. Kuliongeza kidogo kunyumbuka, na kulipunguza maumivu ya siku zinazofuata. Kwa ratiba iliyobana, maumivu kupungua si kitu kidogo. Lakini ukiwa na fedha ya jambo moja tu, anza na lisilo na gharama: mazoezi ya Nordic ya nyuma ya paja. Tafiti zinaonyesha timu zinazoyafanya hupunguza kuumia kwa msuli ule kwa kiasi cha nusu.

#25 Mkandaji_Kiwengwa

Fizio, unanitoa kazini hadharani!

#26 Fizio_Ngambo

Sikutoi. Zoezi lenyewe mchezaji anapiga magoti, anaachia mwili uende mbele polepole kadiri anavyoweza kuuzuia, na lazima pawe na mtu nyuma wa kumshika vifundo vya miguu visinyanyuke. Anza na mara tano kwa kila mmoja, mara moja kwa wiki, mwanzo wa msimu, usiwape siku ya kabla ya mechi maana yatawauma. Wachezaji ishirini na ushei ulisema. Unadhani nani atakayewashika?

#27 Namba11_Mchangani

Nimejaribu sasa hivi ukumbini, mdogo wangu kanishika miguu. Ya tatu nimeanguka na uso. Mkandaji, Jumatatu nakuja kwenye tizi yenu.